Harusi Ndiyo Maonyesho: Upigaji Picha za Harusi za Kiangazi Handeni na Korogwe

Katika miji mingi mikubwa ya dunia, maharusi wanaopenda sanaa hukodi ukumbi au bustani ya makumbusho ili picha za siku yao zipigwe mbele ya kazi za mikono ambazo wataalamu wamezikusanya, wakaziandikia maelezo na kuzitunza kwa miaka mingi. Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, hazina jumba la sanaa la namna hiyo. Hata hivyo zina harusi, na ni katika harusi hizo ambamo sanaa ya watu wake hutoka sandukuni: doti za kanga ambazo mama amezitunza tangu enzi za usichana wake, mikeka ya ukindu, hina na piko mikononi mwa bibi harusi, ngoma, nyimbo za kusifu na za kuonya, pamoja na utaratibu wote wa nani akae wapi na nani atangulie kusema. Kwa siku mbili tatu mambo hayo huwa hadharani, kisha watu hutawanyika, nguo hurudi sandukuni, na wazee wanaojua maana ya kila hatua huzidi kupungua mwaka hadi mwaka. Mara nyingi kinachosalia ni picha peke yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba mpiga picha wa harusi katika wilaya hizi anafanya kazi ya makumbusho, ajue asijue, na kwamba kazi hiyo inastahili kuheshimiwa, kufundishwa na kulipwa hivyo. Ili aifanye sawasawa anahitaji mambo matatu: alijue jua la nchi yake, awajue watu anaowapiga picha, na ahakikishe kwamba picha zenyewe zitaishi muda mrefu kuliko simu zilizozihifadhi.

Mandhari yenye historia

Mpiga picha wa Korogwe hana haja ya kutafuta mapambo ya kukodi, kwa kuwa mji wenyewe umejaa alama za historia. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea hadi Moshi takriban miaka kumi baadaye, na stesheni ikawa kiungo kati ya mwambao, bonde la mto Pangani na milima ya Usambara inayoonekana upande wa kaskazini. Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, iliyokuwa imesimama kwa muda mrefu, ilirudi mwaka 2019, na kwa hiyo eneo la stesheni ni mahali pa kazi panapohitaji ruhusa ya wahusika kabla maharusi hawajapelekwa kusimama relini.

Alama ya pili ni mkonge. Zao hili lililetwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, likitokea Florida kupitia Hamburg, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba makubwa, yakiwemo ya Magunga, Ngombezi na Hale, ambayo mistari yake iliyonyooka humpa mpiga picha jambo ambalo wachoraji wamelitafuta kwa karne nyingi, yaani mistari inayokwenda kukutana mbali na kuliongoza jicho hadi kwa watu wawili waliosimama katikati. Hata hivyo ncha ya jani la mkonge ina mwiba mweusi mkali unaoweza kuchana shela, yaani gauni jeupe la bibi harusi, na ndiyo maana wapiga picha wazoefu huwasimamisha maharusi kwenye barabara ya shamba na kuuacha mkonge nyuma yao, badala ya kuwaingiza katikati ya mimea.

Mashamba hayo yalibadilisha pia sura ya harusi zenyewe. Katika enzi ya ukoloni yalivuta manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotoka Songea, Kigoma, Burundi, Rwanda na Msumbiji, na wengi wao hawakurudi walikotoka. Kwa hiyo katika harusi moja ya Korogwe leo inawezekana upande wa bwana harusi ukawa wa Wasambaa wa milimani na upande wa bibi harusi ukawa na bibi Mngoni na babu Mmakonde, na kila upande ukaingia uwanjani na ngoma yake.

Handeni ina uzuri wa aina nyingine. Ukiiacha barabara ya lami inayoiunganisha Korogwe, Handeni na Mkata, unakutana na udongo mwekundu, miti ya miombo, mashamba ya mahindi na bustani za michungwa, katika nchi ambayo wenyeji wake wengi ni Wazigua. Humo wilayani pia kuna makazi ya Chogo, yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Somalia, wengi wao wakiwa wazao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 na kupelekwa bonde la mto Juba, ambako vizazi vyao viliendelea kusema Kizigua. Wenzao walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Kwa familia iliyotawanyika kiasi hicho, picha ya harusi inayotumwa kwa simu kutoka Handeni hadi jimbo la Maine huko Marekani ni ushahidi wa ukoo uliopotezana na kukutana tena.

Jua la utosini

Kiangazi, yaani majira ya joto yanayofuata mvua za vuli na kutangulia masika, ndicho kipindi ambacho ndugu wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani, na kwa hiyo harusi huwa nyingi. Kalenda ya dini nayo ina sauti yake: kwa kawaida Waislamu huziwahi harusi kabla ya Ramadhani au huzisogeza hadi Mfunguo Mosi, na makanisa mengi hayapendi kufungisha ndoa wakati wa Kwaresima. Matokeo yake ni kwamba sherehe nyingi hubanana katika wiki chache zenye jua kali kuliko zote.

Korogwe iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na Handeni iko kusini kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi, na kwamba katika miezi yote iliyo kati ya tarehe hizo, wakati wa adhuhuri jua huwa juu ya nyuzi 70 kutoka upeo wa macho. Kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki hupimwa kwa longitudo ya nyuzi 45, iliyo mashariki ya wilaya hizi, jua hufika kileleni kati ya saa 6:10 na saa 6:40 mchana kutegemea mwezi. Mwanga unaoshuka wima namna hiyo hung'arisha paji la uso na ncha ya pua, huyaacha macho gizani, na huangusha kivuli kizito cha kidevu shingoni, mahali hasa ambapo bibi harusi amevaa mkufu wake.

Tatizo ni kwamba wakati huo ndio kitovu cha shughuli. Nikaha nyingi hufungwa karibu na sala ya adhuhuri, na ibada za ndoa kanisani huanza asubuhi na kumalizika mchana, watu wakatoka mlangoni wakipokewa na matarumbeta, jua likiwa kichwani. Mpiga picha hawezi kuwaambia wasubiri jioni, kwa sababu vigelegele vya kutoka kanisani havirudiwi. Anachoweza kufanya ni kuwasogeza ukingoni mwa kivuli. Chini kabisa ya mwembe pana baridi nzuri, lakini mwanga unaopenya majani huwa na rangi ya kijani, na shela jeupe huipokea rangi hiyo mara moja. Hatua mbili tatu kuelekea nje, ambako mwili uko kivulini na uso unatazama anga iliyo wazi, mwanga huwa laini na rangi hurudi kuwa ya kweli.

Udongo wa Handeni unadai uangalifu wa pekee. Ardhi nyekundu inayopigwa na jua hurudisha juu mwanga mwekundu, ukapaka upindo wa shela, chini ya kidevu na upande wa ndani wa mikono. Wapiga picha wanaoijua kazi yao hutandika shuka jeupe mbele ya maharusi, nje kidogo ya fremu, yaani nje ya mipaka ya picha, ili mwanga unaorudi uwe mweupe na uingie machoni ambako jua halifiki. Njia nyingine ni kutumia taa ya kamera, maarufu kwa jina la flashi, hata mchana kweupe, kwa nguvu ndogo inayotosha kujaza vivuli bila kuonekana kwamba imewashwa. Kamera nyingi haziwezi kufanya hivyo kwa kasi inayozidi sehemu 1 ya 200 au 1 ya 250 ya sekunde, kwa hiyo mpiga picha hulazimika kupunguza tundu la lenzi ili jua lisichome picha.

Zawadi ya siku huja jioni, na katika nchi hizi ni fupi. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa nyuzi takriban 15 kila saa, na baada ya kuzama, mwanga wa magharibi hudumu kiasi cha dakika 20 tu, ilhali huko London mwezi Juni huendelea kwa zaidi ya dakika 40. Kati ya Novemba na Februari jua la Korogwe huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:50 jioni. Kwa hesabu hiyo muda wa dhahabu wa kupiga picha za nje ni kuanzia saa 11:30 hivi hadi giza linapoingia, na kamati ya harusi inayouacha msafara uzunguke mji hadi saa 12:30 imewanyima maharusi mwanga bora wa siku yao. Jambo hili lafaa kuzungumzwa kwenye kikao cha kamati, pamoja na michango, chakula na ukumbi, na liandikwe kwenye ratiba ya mshereheshaji.

Uso mweusi na shela jeupe

Kamera haioni kama jicho linavyoona. Kipima mwanga kilicho ndani yake kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kitu kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu, inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokifikia. Shela jeupe likijaza fremu, kamera hudhani pana mwanga kupita kiasi na kuipunguzia picha mwanga, na uso wa bibi harusi huzama gizani ingawa kila mshono wa gauni unaonekana. Tofauti ya mwanga unaorudishwa na kitambaa cheupe na ule unaorudishwa na ngozi nyeusi inaweza kufika mara nane, na kazi ya mpiga picha ni kuamua anampigia picha nani. Jibu sahihi ni kwamba anampigia picha mtu. Hupima mwanga usoni, kisha akahakikisha kwamba shela limewekwa mahali ambapo jua haliliunguzi.

Ugumu huu una historia yake. Kwa miongo mingi baada ya katikati ya karne ya 20, maabara zilizotumia filamu za rangi za Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na mtafiti wa Kanada Lorna Roth ameeleza jinsi kipimo hicho kilivyofanya ngozi nyeusi zitoke bila undani kwenye picha, na jinsi malalamiko ya wateja wa kibiashara waliotaka rangi za chokoleti na samani za mbao zionekane vizuri yalivyochangia kuleta mabadiliko. Albamu nyingi za harusi za miaka ya 1970 na 1980 zilizohifadhiwa Afrika Mashariki zinabeba alama ya dosari hiyo, na bibi harusi aliyependeza siku ile anatambulika leo kwa meno na macho tu.

Kamera za kidijitali zimepunguza tatizo, lakini zimeleta jingine, nalo ni programu za kuhariri picha zinazong'arisha ngozi kwa kugusa kitufe kimoja. Katika studio nyingi nyuso huondolewa weusi wake, makovu ya utotoni hufutwa na ngozi hulainishwa hadi dada watatu wanafanana na mtu mmoja. Picha ya namna hiyo hupendeza kwa wiki moja na hudanganya kwa miaka 50. Mjukuu atakayeitazama hataweza kujua kwamba ameurithi weusi wake kwa bibi yake, na hicho ni kitu ambacho makumbusho yoyote yenye kujiheshimu yasingekubali kukifanya kwa kitu kilichomo ghalani mwake.

Nani asimame wapi

Picha ya pamoja ya familia huchukuliwa kuwa sehemu ya kuchosha ya harusi, na wapiga picha wengi huimaliza haraka kwa kuwapanga watu kwa urefu. Kwa mtu anayeielewa jamii, hiyo ndiyo picha yenye maarifa mengi kuliko zote. Wazigua, kama majirani zao Wanguu, Wakwere, Wazaramo na Waluguru, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa sababu hiyo mjomba, yaani kaka wa mama, ana nafasi katika ndoa ya binti ambayo mgeni asingeitambua. Wasambaa kwa upande wao huhesabu ukoo kwa baba. Mpiga picha aliyetoka mjini bila kuuliza anaweza kumweka mjomba wa Kizigua pembeni, nyuma ya marafiki wa bibi harusi, na kosa hilo likakaa ukutani kwa miaka yote familia ikiliona.

Vivyo hivyo kwa malipo ya ndoa. Pamoja na mahari yenyewe, jamii nyingi za mwambao na bara lake la karibu zina mkaja, ambao ni kanga au fedha anayopewa mama wa binti kwa ukumbusho wa nguo aliyojifunga tumboni baada ya kumzaa, na kilemba, ambacho ni heshima ya mzee wa kiume. Tukio la kumkabidhi mama mkaja wake huchukua muda mfupi sana, mara nyingi ndani ya chumba chenye dirisha moja. Doti iliyokunjwa hupita kutoka mikono ya shangazi wa bwana harusi hadi mikono ya mama wa binti, mama huigusisha kifuani, na pengine ndilo jambo la pekee siku hiyo linalomhusu yeye mwenyewe. Mpiga picha anayejua hukaa upande wa dirisha kabla tukio halijaanza, bila flashi, akisubiri mikono. Asiyejua huwa nje wakati huo, akipiga picha magari yaliyofungwa riboni.

Namna bora ya kujua ni kuuliza mapema. Kikao kifupi na somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, au na shangazi yake, siku chache kabla, kitampa mpiga picha orodha ya watu wasiopaswa kukosekana, hatua za sherehe kwa mpangilio wake, na mambo ambayo hayapigwi picha hata kidogo.

Mlango wa wanawake

Katika wilaya zenye Waislamu wengi, harusi moja huwa na nyumba mbili. Nikaha hufungwa na walii, yaani msimamizi wa binti ambaye kwa kawaida ni baba yake, mbele ya mashahidi wawili, msikitini au barazani, na mara nyingi bibi harusi mwenyewe hayupo hapo. Wakati huohuo wanawake wako upande wao, mabuibui yametundikwa, nywele zimeachwa wazi, na uhuru wao unategemea kuaminiana kwamba hakuna jicho la kiume linalowatazama. Kamera ikiingia humo, macho ya wanaume wote wa mjini yanaweza kuingia pamoja nayo.

Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, ameeleza jinsi wanawake Waislamu wa pwani ya Kenya walivyoanza kukataa kamera katika sherehe zao za harusi, baada ya mikanda ya video kuanza kutazamwa na watu wasiohusika. Kukataa kwao hakukuwa uadui na picha, kwa kuwa familia hizohizo zilikuwa wateja wa studio kama ile ya N. V. Parekh huko Mombasa, ambako maharusi wa kila asili walikwenda kupigwa picha kwa utulivu kuanzia miaka ya 1940, na ng'ambo ya bahari, Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilijaza albamu za familia za Unguja. Walichotaka ni kujua nani anapiga, nani ataona, na picha zitakwenda wapi.

Madai hayo yana nguvu zaidi leo, ambapo kila mgeni ana simu na picha husambaa kabla pilau haijapakuliwa. Tanzania imepitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mpiga picha mwenye kazi ya kudumu anapaswa kuitilia maanani anapotumia sura za wateja wake kujitangaza mtandaoni. Lakini kabla ya sheria kuna adabu. Familia nyingi za Handeni na Korogwe zingehitaji wapiga picha wa kike waliofunzwa vizuri, wanaoweza kuingia upande wa wanawake na kutoka na picha chache zilizokubaliwa, zikakabidhiwa kwa bibi harusi mwenyewe bila nakala kubaki studio. Kwa kuwa wanaume hawawezi kuifanya kazi hiyo, hii ni nafasi ya ajira kwa wasichana wa wilaya hizi ambayo haihitaji mtaji mkubwa kuliko kamera moja nzuri na jina la uaminifu.

Somo kutoka makumbusho

Kuna uhusiano wa zamani kati ya ndoa za Uzigua na Usambara na vyumba vya makumbusho. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa sosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika kufundishia vijana wakati wa jando na unyago, yaani mafunzo ya kuwaandaa kwa utu uzima na ndoa, vikiwemo vya Wasambaa na Wazigua, na mkusanyo wake uliwekwa katika makumbusho ya Dar es Salaam, yaliyoanzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1940, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa. Vilevile mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho mwali alikitunza kama mtoto wakati wa kuwekwa ndani, hufahamika zaidi kwa Wazaramo na Wakwere lakini kipo pia kwa majirani zao Wazigua, na vinyago vya aina hiyo vimo katika makumbusho ya sanaa ya Ulaya na Marekani, vikiwa kwenye makabati ya kioo.

Vitu hivyo hutunzwa kwa uangalifu usio na kifani. Nguo na karatasi katika makumbusho huwekewa mwanga usiozidi takriban luksi 50, ambapo luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu, ilhali jua la adhuhuri la Korogwe linaweza kufika luksi 100,000. Ndiyo sababu makumbusho mengi hukataza flashi na kumlazimisha mpiga picha wa harusi kufanya kazi katika mwanga hafifu. Pamoja na utunzaji huo wote, vinyago vingi vina upungufu mmoja usioweza kurekebishwa: aliyevichonga hajulikani, mwali aliyevibeba hajulikani, na kijiji chake pengine kiliandikwa kwa makosa au hakikuandikwa kabisa. Waliokusanya walichukua kitu wakaacha jina.

Picha za harusi za Handeni na Korogwe bado zina nafasi ya kuepuka hasara hiyo, kwa kuwa wenye majina wangali hai. Mpiga picha hapaswi kuingilia mambo ya siri, na mafunzo ya unyago yataendelea kuwa ya wanaohusika peke yao. Lakini mkeka alioketi bibi harusi una aliyeusuka, hina ina aliyeichora, ngoma ina mpigaji, na ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa, ana mpishi wake. Kuyaandika majina hayo ni kazi ya jioni moja.

Picha isife

Joto na unyevu ni maadui wa picha, na bonde la Pangani lina vyote viwili. Picha za rangi zilizochapwa miaka ya 1970 zimegeuka kuwa nyekundu au njano katika nyumba nyingi, wakati zile za rangi nyeusi na nyeupe za miaka ya 1950 bado zinaonekana vizuri, kwa sababu fedha iliyomo ndani yake hudumu kuliko rangi za kemikali. Albamu za kunata, ambazo picha hubanwa kwenye karatasi yenye gundi na kufunikwa kwa plastiki, zimeharibu nyingi zaidi, kwani gundi huipenya picha na kuitia madoa. Albamu yenye kona za karatasi, ikiwekwa kabatini mbali na sakafu yenye mchwa na ukuta wenye unyevu, ni kinga nafuu inayowezekana katika kila nyumba.

Kwa picha za kidijitali hatari ni ya namna nyingine. Kadi ya kamera hufutwa kwa ajili ya harusi ya wiki inayofuata, kompyuta ya studio huharibika, na simu ya bibi harusi huibwa au kutumbukia majini. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi wa kumbukumbu ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali tofauti na zingine. Kwa familia ya kawaida hiyo maana yake ni nakala kwa maharusi, nakala kwa wazazi kijijini na nakala kwa ndugu aliye mbali, pamoja na picha chache bora zilizochapwa kwenye karatasi nzuri, kwa kuwa karatasi haihitaji umeme wala neno la siri.

Hatua kubwa zaidi ingekuwa ya jamii. Jijini Tanga, ndani ya boma la zamani la Kijerumani, Makumbusho ya Urithi huonyesha picha za kale za mji huo, na wageni huzitazama kwa makini wakiulizana ni nani huyo na ni mtaa gani ule. Halmashauri za Handeni na Korogwe zingeweza kuanza jambo kama hilo kwa gharama ndogo, kwa kutenga kabati moja katika maktaba au shule ya sekondari, na kuzialika familia zilete, kwa hiari yao, nakala ya picha moja ya kila harusi iliyofungwa katika ukoo wao, ikiambatana na karatasi yenye majina, kijiji, tarehe na maelezo ya waliosimama. Walimu wa historia wangepata vifaa vya kufundishia vinavyowahusu wanafunzi wao moja kwa moja, na wapiga picha wangepata heshima inayowastahili.

Jambo hilo halihitaji kusubiri jengo wala bajeti. Kabla ya harusi za Desemba hii kufika, maharusi wote wanaweza kumwambia mpiga picha wao kwamba malipo ya mwisho yatatolewa atakapokabidhi albamu pamoja na orodha ya majina ya waliomo, mjomba na msuka mkeka wakiwemo, na kila mpiga picha anaweza kuifanya orodha hiyo kuwa sehemu ya huduma yake kama ilivyo lenzi na betri. Wilaya hizi zikiamua hivyo, baada ya kizazi kimoja zitakuwa na hazina ya sanaa yenye majina ya wenyewe, iliyokusanywa na wenyewe na kubaki kwao.